Maiti mbili, jina moja: kesi ya mwalimu Eugene Aram wa Knaresborough

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kesi za mauaji za Uingereza ya karne ya 18, enzi ambayo vijijini hakukuwa na jeshi la polisi wala maabara, na mtu akiuawa, waliobaki kumtafutia haki ni majirani zake, konstebo wa parokia asiye na mshahara, na hakimu wa amani ambaye kwa kawaida alikuwa mmoja wa wenye mashamba wa eneo hilo. Ipo kesi moja ambayo sijaweza kuiacha. Ni ya Eugene Aram, mwalimu wa shule aliyenyongwa York tarehe 6 Agosti 1759 kwa kumuua mshona viatu aitwaye Daniel Clark, miaka kumi na minne na nusu baada ya Clark kutoweka.

Walioiandika kesi hii, washairi na watunga riwaya wakiwamo, wamevutwa zaidi na usomi wa Aram na kumfanya mtu wa huzuni anayeteswa na dhamiri. Mimi naomba tuanzie kwenye mifupa. Katika kesi hii walifukuliwa watu wawili, na ni mmoja tu aliyepewa jina.

Nianze na mahali penyewe. Knaresborough ni mji mdogo wa soko huko Yorkshire, takriban kilomita 30 magharibi ya York, uliojengwa juu ya ukingo mrefu wa mto Nidd. Wakati huo wengi waliishi kwa kilimo na kwa kazi ya kitani: kuichana, kuisokota na kuifuma. Chini ya mji, kando ya mto, lipo pango lililochongwa katika mwamba, ambamo aliishi mtawa wa upweke aliyejulikana kama Mtakatifu Robert hadi alipofariki mwaka 1218. Pango hilo lishikeni, kwa sababu kesi nzima inaishia mlangoni pake.

Aram alizaliwa mwaka 1704 Ramsgill, katika bonde la mto huohuo, baba yake akiwa mtunza bustani wa watu wenye ukwasi. Shule aliyoipata ilikuwa kidogo, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu, Kilatini na Kigiriki, na baadaye Kiebrania na Kiarabu. Alimwoa Anna Spence mwaka 1731, na mwaka 1734 akahamia Knaresborough kufundisha. Naomba jambo hili lisipitwe haraka: mtu huyu, asiye na chuo kikuu nyuma yake, alikuwa akikusanya maneno ya lugha mbalimbali ili kuonyesha kwamba lugha za Kiselti, kama Kiwelshi na Kiairishi, zina undugu na Kilatini na Kigiriki. Wanaisimu wa Ulaya walikuja kulithibitisha hilo katika karne iliyofuata, yeye akiwa amekwisha kunyongwa zamani.

Rafiki zake wawili hawakuwa wasomi. Richard Houseman alikuwa mchanaji wa kitani. Daniel Clark alikuwa fundi viatu kijana, ndiyo kwanza ameoa, na mkewe alikuja na mali inayotajwa kuwa ya pauni 200. Habari za mali hiyo zilipoenea, wafanyabiashara walimwamini Clark kwa mkopo. Akachukua vyombo vya fedha, saa, mahameli na vitambaa vya kitani, kila mmoja akidhani anamsaidia kijana anayeanza maisha. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1745 Clark alitoweka pamoja na mali hizo. (Mkikutana na vitabu vinavyosema 1744 msidhani ni kosa, kwa sababu hadi mwaka 1752 Waingereza waliuhesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi.)

Mji mzima ulisema Clark ametoroka na mali za watu. Sehemu ya bidhaa zilipatikana zimefukiwa katika bustani ya Aram. Aram alikamatwa kwa deni, akalilipa, na watu wakashangaa mwalimu fukara amezitoa wapi fedha. Hata hivyo kosa lililofikiriwa lilikuwa utapeli tu, na ushahidi wa kumfunga haukutosha. Muda si mrefu akaondoka Knaresborough, akamwacha Anna na watoto, akaenda kufundisha Kilatini London.

Nitaendelea.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada nzito, mkuu. Naomba ufafanuzi kabla hujaendelea: kwa nini hakuna aliyefikiria mauaji tangu mwanzo, ikiwa mtu ametoweka usiku na mali yake imekutwa kwa rafiki?

Mleta mada

Swali zuri, ndugu yangu. Kwanza, waliokuwa na sababu ya kumtafuta Clark walikuwa wadai wake, na mdai anayemtafuta mdaiwa humdhania mtoro, hamdhanii marehemu. Pili, sheria ya Uingereza ilikuwa na jeraha lake katika jambo hili. Mwaka 1660, huko Chipping Campden, mzee aitwaye William Harrison alitoweka njiani. Mtumishi wake John Perry, pamoja na mama yake Joan na ndugu yake Richard, wakanyongwa kwa kumuua. Mwaka 1662 Harrison akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo mahakimu waliogopa sana kumhukumu mtu kwa mauaji pasipo kuonekana maiti. Kwa hiyo, bila mwili wa Clark hakukuwa na kesi, na kwa miaka kumi na mitatu mwili haukuonekana.

Naendelea na mwaka 1758.

Agosti ya mwaka huo kibarua mmoja alikuwa akichimba mawe ya chokaa mahali paitwapo Thistle Hill, karibu na mji. Jembe lake likagonga mifupa ya mtu. Hakuna aliyekuwa na habari za kaburi mahali pale, na katika mji mdogo kumbukumbu hazifi: watu wakasema huyu ndiye Daniel Clark. Afisa mchunguzi wa vifo akaitisha uchunguzi na Anna Aram akaitwa. Mwanamke huyu aliyetelekezwa alikuwa amewahi kudokeza mara nyingi kwamba mumewe na Houseman wanajua yaliyompata Clark. Sasa alieleza kwamba usiku ule wanaume watatu walitoka pamoja, kwamba wawili tu walirudi kabla ya mapambazuko, na kwamba baadaye alikuta katika majivu ya moto mabaki ya nguo zilizochomwa.

Houseman naye akaletwa. Walimwambia aushike mmoja wa mifupa ile. Kwa imani ya zamani ya Waingereza, maiti ya aliyeuawa hutoa dalili ikiguswa na muuaji, na nadhani waliokuwapo walikuwa na matumaini ya namna hiyo mioyoni. Houseman akauchukua mfupa, akatetemeka, na akatamka maneno ambayo Yorkshire haijayasahau: kwamba mfupa ule si wa Dan Clark, kama ambavyo si wake yeye.

Yatafakarini maneno hayo. Mtu asiyejua aliko Clark angesema, "Sijui ni wa nani." Kukana kwa uhakika wa namna ile kunamfaa mtu anayejua Clark amelala mahali pengine. Waliokuwapo waliliona hilo mara moja, wakambana. Houseman hakusema yote kwa mkupuo. Alianza na maelezo yaliyomweka yeye mbali na tukio, kisha akayabadilisha, na mwishowe akasema kwamba Aram ndiye aliyemuua Clark na kwamba mwili umezikwa ndani ya pango la Mtakatifu Robert, kichwa kikiwa upande wa kulia, penye kona ya kuingilia. Walipochimba wakakuta mifupa ya mtu, na kichwa kikiwa kama alivyosema.

Wakati huo Aram alikuwa Lynn, yaani King's Lynn, huko Norfolk, mwalimu msaidizi katika shule ya mji, akiheshimiwa na kupendwa. Konstebo alitumwa na hati ya kumkamata. Mwanzoni alikana hata kuifahamu Knaresborough, lakini aliposimamishwa mbele ya mtu aliyemjua sana, kukana kwake kukaisha.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, hapo ndipo penye utata kwangu. Mifupa ya kwanza ilidhaniwa ni ya Clark, halafu mingine ikapatikana pangoni, nayo pia ikasemwa ni ya Clark. Kama mji ulikosea mara ya kwanza, waliijuaje ya pili?

Mleta mada

Umeugusa moyo wa kesi, mkuu. Kwa elimu ya wakati ule hakukuwa na njia ya kujua mifupa imekaa ardhini miaka kumi na mitatu au mia tatu. Daktari mpasuaji aliyetoa ushahidi alisema fuvu lilikuwa na ufa uliotokana na pigo la kifaa butu, wala si kuoza kwa kawaida. Hilo linatuambia, tukimkubali, kwamba mtu fulani alipigwa kichwani. Halituambii ni nani wala ni lini. Kilichoiunganisha mifupa ya pangoni na jina la Daniel Clark ni Houseman aliyeelekeza mahali, basi. Ukimwondoa Houseman, unabaki na mifupa ndani ya pango la mtawa wa karne ya 13, na hapo ndipo Aram alipojenga utetezi wake wote.

Kesi ilisikilizwa York tarehe 3 Agosti 1759 mbele ya Jaji Noel. Upande wa mashtaka ulimhitaji Houseman kama shahidi, kwa hiyo alishtakiwa yeye kwanza, haukuletwa ushahidi dhidi yake, akaachiwa huru. Kisha akapanda kizimbani kama shahidi. Alieleza kwamba walitoka watatu hadi karibu na pango, kwamba Aram na Clark walipita penye ua wa miti wakibishana, na kwamba alimwona Aram akimpiga Clark mara kadhaa hadi akaanguka. Yeye, kwa maelezo yake, alitazama tu kwa mbali, kisha akarudi nyumbani.

Sheria ya wakati ule ilikuwa na masharti mawili ambayo ni lazima tuyaelewe. Wakili hakuruhusiwa kulihutubia juri kwa niaba ya mshtakiwa wa mauaji, na ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1836 tu. Mshtakiwa mwenyewe hakuweza kula kiapo na kutoa ushahidi kama shahidi mwingine hadi mwaka 1898. Kwa hiyo Aram, mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini na aliyekaa gerezani karibu mwaka mzima, alisimama na kusoma hotuba aliyoiandika mwenyewe.

Hotuba hiyo ipo hadi leo, na kwa hakika ni kazi ya msomi. Alisema maisha yake yote yalikuwa ya utulivu na vitabu, na mtu haangukii uovu mkubwa kwa siku moja. Alisema wakati wa tukio alikuwa mgonjwa hata akatembelea magongo. Alisema kutoweka si kufa, akatoa mfano wa mfungwa aliyetoroka katika ngome ileile ya York akiwa na pingu maradufu, mchana kweupe, asionekane tena. Kisha akaingia kwenye mifupa: watawa wa zamani walizikwa katika mapango yao, hivyo mifupa kukutwa pangoni si ajabu, na hata fuvu la Askofu Mkuu William, lililofunuliwa ndani ya kanisa kuu la York, lilikutwa limevunjika ilhali hakuuawa kwa pigo. Akamalizia kwa kuwakumbusha wanajuri kisa cha Perry na Harrison.

Juri likamkuta na hatia.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwanasheria, na naomba kuongeza mambo mawili. La kwanza, ushahidi wa mshirika katika uhalifu ni suala ambalo hata sisi Tanzania tumelirithi kutoka katika mfumo huohuo wa Kiingereza. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu mshirika kuwa shahidi, lakini mahakama zetu zimejizoesha kutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono maneno yake, kwa sababu mtu anayejiokoa kwa kumtaja mwenzake ana kila sababu ya kumtwisha mwenzake mzigo wote. La pili, sijaona Anna akitajwa katika kesi yenyewe. Je, hakuitwa?

Mleta mada

Nashukuru sana, mwanasheria. Hakuitwa, na hakuweza kuitwa, kwa kuwa sheria ilimzuia mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe katika shauri la aina hiyo. Maelezo yake yalisikika katika uchunguzi wa kifo, yakaisukuma kesi, kisha yakabaki nje ya mlango wa mahakama. Kwa hiyo mtu pekee asiyehusika na uhalifu aliyewaona wanaume wale wakitoka na kurudi, juri halikumsikia, na badala yake likamsikia mtu ambaye shingo yake mwenyewe ilikuwa imetoka kitanzini asubuhi hiyohiyo.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Aram kwa hotuba yake. Isomeni yote muone ni mara ngapi anamgusa Houseman. Hamgusi. Alikuwa na maneno mengi juu ya watawa, makaburi na mafuvu ya kale, lakini hakuuliza swali ambalo mkulima yeyote wa Yorkshire angeliuliza: wewe Houseman uliyejua kichwa kimelala upande gani wa pango, ulijuaje ikiwa ulitazama kwa mbali kisha ukaenda nyumbani? Mtu anayejua maiti imelazwaje alikuwapo ilipolazwa. Swali hilo moja lingeufanya ushahidi wa Houseman umgeukie mwenyewe. Aram alipigana na mifupa akauacha mdomo ulioitaja mifupa hiyo. Husimuliwa kwamba William Paley, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri wa dini, alikuwapo mahakamani akiwa kijana wa miaka kumi na sita, na baadaye akasema Aram alijinyongesha kwa werevu wake mwenyewe. Mimi naamini kuna sababu ya ndani zaidi. Kumbana Houseman juu ya maziko kungelazimu kuzungumza juu ya usiku ule kama mtu aliyekuwapo, na Aram hakuweza kulifanya hilo bila kujifunua.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hiyo, mkuu, unakubali kwamba aliua?

Mleta mada

Nakubali, ndugu yangu, lakini si kwa sababu ya yale yaliyosemwa mahakamani. Baada ya hukumu, Aram alikiri mbele ya makasisi wawili kwamba alimuua Clark, na akasema alimshuku kuwa na uhusiano na mkewe. Kukiri kwake nakupokea. Sababu aliyoitoa siipokei kirahisi. Mtu anayeua kwa wivu hafukii bidhaa za marehemu katika bustani yake, wala hatoki siku chache baadaye akilipa madeni. Tena sababu hiyo ilimpaka matope Anna, mwanamke aliyekwisha kuachwa na watoto, asiyekuwa na jukwaa la kujibu. Nimesoma waandishi wengi wanaoirudia shutuma hiyo kana kwamba ni jambo lililothibitishwa, na inaniuma kila mara.

Kuhusu adhabu, kuna jambo dogo la kalenda linaloonyesha ukali wa wakati ule. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752 iliagiza kwamba muuaji anyongwe siku ya pili baada ya hukumu, na kama siku hiyo ni Jumapili basi Jumatatu. Tarehe 3 Agosti 1759 ilikuwa Ijumaa. Hivyo Aram akapata siku moja ya ziada, na pengine ndiyo huruma pekee aliyoipata. Kabla ya kutolewa alijikata mkono kwa wembe akitaka kufa mwenyewe. Wakamfunga jeraha, wakampeleka kwenye mti wa kunyongea akiwa dhaifu wa damu. Sheria hiyohiyo ilikataza muuaji azikwe kama watu wengine: ama mwili upewe madaktari wapasuaji, ama uning'inizwe kwa minyororo. Mwili wa Aram ulirudishwa Knaresborough, ukaning'inizwa nje ya mji alikowahi kufundisha watoto. Husimuliwa kwamba mifupa yake ilipokuwa ikianguka mmojammoja, Anna aliikusanya na kuizika. Sina hakika ya hadithi hiyo, ila naelewa kwa nini watu wa mji ule walitaka iwe kweli. Fuvu linalosadikiwa kuwa lake lipo katika makumbusho ya King's Lynn.

Houseman alirudi katika mji uleule, akaendelea kuishi kati ya watu waliomchukia.

Mchangiaji wa pili

Na yule wa Thistle Hill, mkuu? Umeanza naye, lakini hujatuambia mwisho wake.

Mleta mada

Sijamsahau, kwa kweli yeye ndiye aliyenifanya niandike uzi huu. Mara tu mifupa ya pangoni ilipokubaliwa kuwa ya Clark, mifupa ya Thistle Hill haikuhitajika tena na mtu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa ajili yake, na jina halikupatikana. Inawezekana ni mtu aliyezikwa zamani sana kwa sababu zisizo za uovu. Lakini yapo pia maneno ya wenyeji yaliyorudiwa baadaye, kwamba huenda genge la Aram, Houseman na wenzao lilikuwa na mhathiriwa mwingine kabla ya Clark, mchuuzi msafiri ambaye hakuna aliyeuliza habari zake kwa sababu hakuwa na ndugu mjini. Siwezi kuyashuhudia maneno hayo, na siyatumii kumwongezea Aram hatia.

Ninachoweza kusema ni hiki. Kibarua yule alichimba akitafuta chokaa, akakuta mtu. Mtu huyo ndiye aliyeifungua kesi ya Daniel Clark: bila mifupa yake Anna asingeitwa, Houseman asingeshikishwa mfupa mkononi, pango lisingechimbwa, na Aram angezeeka Lynn akifundisha Kilatini. Katika maandishi yote ya kesi ile anatajwa kwa mistari michache, tena kwa ajili ya kusema kwamba hakuwa Clark.

Kama kuna mdau aliyewahi kufika Knaresborough, akashuka hadi kwenye pango na kupanda hadi Thistle Hill, namwomba atueleze umbali wake kwa miguu. Ningependa kujua kama mtu aliyebeba mzigo usiku wa Februari angeweza kufika pote pawili kabla hakujapambazuka.